Saa ya Vipande vya Mbao Ina Ukoo Mrefu

Siku ya soko hapa Nakivale, watu wanaosimama mbele ya meza yangu huuliza maswali mawili. La kwanza: "Fundi, hii ni ngapi?" La pili, hasa wazee wetu wa Kivu: "Na hii kazi, nani alikufundishaka?" Swali la kwanza tunalimaliza palepale kwa kuvutana bei. La pili ni refu, linahitaji karatasi. Basi nimeona niliandike hapa.

Saa zenyewe ni ndogo, za kuweka mezani au juu ya redio. Nazitengeneza kwa mabaki: vipande vinavyobaki mafundi wakishakata mbao za vitanda na milango, paleti zilizovunjika, mguu wa kiti usio na mwenzake. Mara nyingi ni mkaratusi au paini, mara mojamoja napata kipande cha mvule na hapo siku inakuwa nzuri. Napiga randa, napanga cheupe na cheusi, natia gundi, nabana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli usiku kucha. Kesho yake nachonga nyuma shimo la mraba la kukalia mashine, halafu mbele natoboa tundu la kupitisha kijiti kinachoshika mishale. Ubao ukibaki mnene hapo katikati, kijiti hakitokezi na nati haishiki. Ukiuchonga mwembamba mno, unapasuka. Kazi yote iko kwenye hizo milimita chache. Baada ya hapo ni msasa, vanishi na betri moja.

Wapo wanaotazama hiki kitu na kusema, sawa, ni kazi ya mikono ya wakimbizi, kitu cha kumpa mgeni akienda. Sikatai, wageni wananunua. Lakini nimesoma kidogo kidogo habari za saa, kwenye vitabu na kwenye simu, nikaona kwamba ukoo wa saa ya mbao umejaa watu kama sisi: watu waliokosa shaba, waliokosa shamba, na wengine waliokosa nchi. Nikaona pia ni nini kiliwainua na ni nini kiliwakwamisha. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, sisi tunaoishi hapa na nyinyi mnaokuja kutusaidia.

Watoto wasio na shamba

Kusini magharibi mwa Ujerumani kuna milima yenye msitu unaoitwa Schwarzwald, maana yake Msitu Mweusi. Baridi ni kali, na zamani theluji ilikuwa inafunga njia majuma mengi. Sehemu kubwa ya huko desturi ilikuwa shamba lisikatwe vipande. Lote lilikwenda kwa mtoto mmoja. Wengine, kila mtu ajitafutie. Hawakuwa na ardhi ila walikuwa na miti, na miezi mirefu ya kukaa ndani.

Tangu katikati ya miaka ya 1600 watu hao wakaanza kutengeneza saa. Chuma na shaba vilikuwa ghali, basi magurudumu yakawa ya mbao, meno yake ya mbao, fremu ya mbao, na uzito wa kuivuta mashine ukawa jiwe la kuokota. Nyingi zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa. Dakika hazikuwa na mtu wa kuzihitaji.

Tena saa hizo hazikukaa mlimani kungoja mnunuzi. Wachuuzi walizifunga kwenye chanja ya mbao, wakazibeba mgongoni, wakatembea nazo nchi kwa nchi, wengine mpaka Uingereza, Urusi na Uturuki. Anayetengeneza na anayebeba walihitajiana. Mama zetu wanaotoka hapa na mizigo kwenda Mbarara wanaijua kazi hiyo bila kufundishwa na mtu.

Karne mbili baadaye, saa za bei rahisi kutoka Marekani zikaingia Ulaya, na Schwarzwald ikaanza kushindwa. Mwaka 1850 serikali ya jimbo la Baden ikafungua shule ya ufundi wa saa katika mji wa Furtwangen, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mhandisi Robert Gerwig. Huyu Gerwig akawaita wachoraji wa nchi nzima walete michoro mipya ya nyumba ya saa. Mchoro uliopata umaarufu ulitoka kwa Friedrich Eisenlohr, msanifu wa majengo ya reli: saa yenye umbo la kijumba cha mlinzi wa reli. Zile saa za ndege anayetoka dirishani na kulia, ambazo watalii wananunua mpaka leo, zimetokana na umbo hilo. Kwa hiyo siku walipobanwa, kilichowasaidia ni shule ya kudumu na nyumba mpya ya saa. Nyumba, yaani sanduku, ile kazi ambayo watu huiona ni ya kupamba tu.

Seremala na baraza la wakubwa

Mtu wa pili ni John Harrison. Alizaliwa mwaka 1693 huko Yorkshire, Uingereza, mtoto wa seremala, na yeye mwenyewe akawa seremala. Hakupita kwa fundi wa saa yeyote kujifunza. Mwaka 1713, kabla hajafika miaka ishirini na moja, alikuwa ameshamaliza saa kubwa ya kusimama ambayo mashine yake karibu yote ni ya mbao.

Hapa naomba mafundi wenzangu wanisikilize. Mbao ina nguvu kwa kufuata nyuzi zake. Ukikata jino la gurudumu kinyume cha nyuzi, linakatika kama biskuti. Ukichonga gurudumu zima kutoka ubao mmoja, meno ya pande mbili yatakuwa imara na ya pande nyingine mbili yatakuwa dhaifu. Harrison alichonga vipande vidogo vya mwaloni, kila kipande na meno yake machache, nyuzi zikielekea nje, halafu akavipachika kuzunguka gurudumu. Kila jino likawa na nguvu sawa. Gurudumu la vipande likalishinda la ubao mmoja. Karibu mwaka 1722 akatengeneza saa ya mnara huko Brocklesby Park, na sehemu zinazosuguana akazifanya kwa mti mgumu wa nchi za joto unaotoa mafuta yake wenyewe. Saa hiyo haihitaji kutiwa mafuta, na mpaka zama zetu hizi inatembea.

Wakati ule mabaharia walikuwa wanapotea kwa sababu hawakuweza kujua wako umbali gani mashariki au magharibi. Ili kujua, unahitaji saa inayoshika wakati wa nyumbani huku chombo kinayumba. Bunge la Uingereza mwaka 1714 likatangaza zawadi ya hadi paundi 20,000. Harrison alitumia karibu maisha yake yote juu ya jambo hilo. Saa yake ya nne ilikuwa ya chuma, ndogo ya kushika mkononi. Mtoto wake William alisafiri nayo mpaka Jamaica kati ya 1761 na 1762, na ilipofika ilikuwa imechelewa kama sekunde 5 tu.

Mngedhani alilipwa siku ile. Wapi! Baraza lililosimamia zawadi lilikuwa na wasomi wa nyota waliopenda njia yao ya kupima mwezi. Wakataka jaribio lingine, wakataka michoro, wakataka saa ifunguliwe mbele yao, wakataka nakala zitengenezwe. Wakampa sehemu, wakabakiza sehemu. Mpaka mfalme George III alipoingilia, na mwaka 1773 Bunge likampa paundi 8,750. Harrison alikuwa na miaka 80. Alifariki 1776.

Anayewahi kujaza fomu, akaambiwa alete nyingine, akaambiwa faili liko ofisi ya pili, hana haja ya kuelezewa habari hii. Sisemi wale wa baraza walikuwa watu wabaya. Nasema kazi ilikuwa imeshathibitika baharini, na aliyeithibitisha alizeeka akingoja.

Saa elfu nne za mbao

Tuvuke bahari. Connecticut, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Huko nako shaba ilikuwa ghali na miti ilikuwa mingi. Fundi Eli Terry alikuwa akitengeneza saa chache, anazipakia kwenye farasi, anazungusha mashambani kutafuta wanunuzi. Halafu ndugu wawili wa ukoo wa Porter wakampa oda ambayo watu waliicheka: mashine 4,000 za saa, za mbao, kwa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza Terry hakutoa saa hata moja ya kuuza. Aliutumia wote kujenga vyombo vya kukatia vinavyoendeshwa na maji ya mto, ili kila gurudumu litoke sawa na mwenzake na liingie kwenye saa yoyote bila kuchongwa tena. Mwaka wa pili zikatoka kama 1,000, wa tatu zilizobaki. Kufikia 1810 oda ilikuwa imekwisha. Mwaka 1816 akapata hataza ya saa ndogo ya kuweka juu ya rafu, na hiyo ndiyo babu ya saa zetu za mezani: ndogo, ya mbao, ya mtu wa kawaida. Zilisambazwa na wachuuzi wa mikokoteni, na wakulima ambao wazazi wao waliangalia jua sasa wakawa na saa ndani.

Kuna kijana seremala aliyefanya kazi kwa Terry, Chauncey Jerome. Kazi yake ilikuwa nyumba za saa. Baadaye akaona udhaifu wa mashine ya mbao: inavimba kwa unyevu, haiwezi kuvuka bahari. Akaingia kwenye mashine za bati la shaba, rahisi na nyepesi, na mwaka 1842 akapeleka shehena Uingereza. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba watu wa ushuru waliona bei aliyoandika ni ya chini mno, wakadhani anadanganya, wakazichukua na kumlipa bei ileile aliyotaja pamoja na nyongeza. Akafurahi, akaleta zingine! Lakini mwisho wake si wa kufurahisha. Miaka ya 1850 kampuni yake ilifilisika na akafa maskini. Biashara ya saa haina huruma, hilo nalo tuliseme.

Wakimbizi wa Geneva

Watu wakisikia saa ya Uswisi wanafikiria utajiri wa siku zote. Kumbe saa zilipandwa Geneva kwa sehemu kubwa na wakimbizi. Miaka ya 1500 Waprotestanti wa Ufaransa walikuwa wanakimbia mateso, na Geneva ukawa mji wa kupokea. Kati yao walikuwemo mafundi wa saa. Masonara wa mji, wakiwa wamebanwa na sheria za kanisa dhidi ya mapambo, nao wakageukia saa. Mwaka 1601 chama cha mafundi wa saa kikaandikishwa. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alipofuta sheria iliyowalinda Waprotestanti, wimbi lingine likatoka Ufaransa, wakatawanyika Geneva, London, Uholanzi na Ujerumani pamoja na ufundi wao.

Sio kwamba walipokelewa kwa ngoma kila mahali. Mafundi wa London, kabla ya chama chao kupata hati ya mfalme mwaka 1631, walikuwa wamelalamika kwamba wageni wamezidi. Na Geneva yenyewe, watoto na wajukuu wa waliohamia waliitwa "wazaliwa", lakini uraia hawakuupata, na haki nyingi walinyimwa. Mwaka 1770 kukatokea vurugu, baadhi yao wakakimbia. Fikiria hapo: wajukuu wa wakimbizi wamekuwa wakimbizi, na mkononi wana ufundi uleule wa babu.

Walienda karibu tu, kijiji cha Ferney upande wa Ufaransa, alikoishi mwandishi Voltaire, mzee wa miaka zaidi ya sabini. Alichofanya huyu mzee nakipenda. Hakuwapa semina. Aliwajengea nyumba, akawakopesha mtaji, halafu akakaa mezani akaandika barua kwa mabalozi na watu wa ikulu za Ulaya: nunueni saa za Ferney. Hata Katerina wa Pili, malkia wa Urusi, alinunua. Wenyewe walikuwa na ufundi tayari. Walichokosa ni paa, mtaji na mnunuzi.

Mashine ikawa rahisi

Leo mashine ninayoweka ndani ya vipande vyangu haina uzito wa jiwe wala kamani ya kukaza. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele kama kwatzi ikibanwa inatoa umeme. Kinyume chake nacho ni kweli: ukiipa umeme inatikisika. Mwaka 1927 huko Marekani, Warren Marrison na mwenzake wakatumia mtikisiko huo kuendesha saa. Chombo chenyewe kilikuwa kikubwa kama kabati. Siku ya Krismasi 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ikauza saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi. Katika saa nyingi za kwatzi za leo, kipande kile kidogo kinatikisika mara 32,768 kwa sekunde. Gawa kwa mbili, tena kwa mbili, mara kumi na tano, unapata moja: mshale unapiga hatua.

Kwa hiyo kile kilichomchukua Harrison maisha yote, mimi nakinunua kwa bei ya chakula cha siku chache, kimefungwa ndani ya plastiki, kinakuja kwa gari kutoka Kampala. Ni jambo jema. Lakini maana yake mashine si yetu. Kinachobaki mkononi mwetu ni nyumba na uso. Je, ni kidogo? Nyumba ilimwokoa mtu wa Schwarzwald. Na uso, sisi tuna la kusema kuhusu uso.

Saa mbili ni saa ngapi?

Hapa tuko karibu na ikweta, jua linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Ndiyo maana hesabu yetu inaanza asubuhi: jua likishatoka, saa moja. Mswahili anahesabu hivyo, Mnyarwanda, Mrundi na Mganda pia, na majirani zetu Waethiopia wana hesabu hiyohiyo. Mzungu wa kaskazini hawezi. Kwake jua la Juni na jua la Desemba yanapishana masaa mengi, kwa hiyo akaanzia usiku wa manane.

Saa za kiwandani zina uso wa hesabu yake. Tumezoea kuona mshale kwenye 8 na kusoma "saa mbili", vichwa vyetu vinageuza vyenyewe. Lakini tangazo likibandikwa kwamba kugawa ni "saa 8", kuna mama atafika asubuhi na kuna mwingine atafika mchana kukuta watu wameshafunga. Mmekwisha kuliona hilo, wafanyakazi wa mashirika. Andikeni "saa mbili asubuhi", haligharimu kitu.

Mimi usoni naweka duara mbili za namba. Ya nje ina 12 juu kama kawaida. Ya ndani ina 6 juu, 7 inafuata, na pale chini penye 7 ya nje pana 1 yetu. Mtu yeyote anasoma anavyohesabu mama yake. Kiwanda hakijaleta saa hiyo hapa. Ni vipande vya mbao vilivyoileta.

Kilichowainua

Nikiwapanga hawa watu wote pamoja, naona ustadi walikuwa nao karibu wote. Tofauti ilikuwa njia. Mchuuzi wa Schwarzwald aliweza kutembea na mzigo wake mpaka nchi ya tano. Terry alipata oda ya miaka mitatu, ndiyo maana alithubutu kutumia mwaka mzima kujenga vyombo bila kuuza. Furtwangen walipata shule iliyodumu. Wa Ferney walipata mtaji na mtu wa kuwaandikia barua. Harrison alikuwa na ustadi kuwashinda wote, akacheleweshwa na ofisi.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 18, unataja haki ya mkimbizi kujifanyia kazi yake mwenyewe, na kazi za mikono zimetajwa humo kwa jina, pamoja na kilimo, viwanda na biashara. Uganda imeweka haki ya kufanya kazi na ya kutembea katika Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Ndiyo maana naweza kupanda gari na saa kumi kwenye begi kwenda kuuza Mbarara. Ndugu yetu aliye kambini Tanzania hawezi kuvuka uzio bila kibali, hata saa zake ziwe nzuri namna gani. Anauziana na jirani ambaye naye hana kitu. Mkono wake na wangu ni sawa.

Shirika moja, sitalitaja, liliwahi kuja kutufundisha useremala kwa wiki mbili. Tulipata cheti na soda. Vyombo vilirudi kwenye gari. Sina ubaya nao, walimu walikuwa wazuri. Ila mkitaka kutusaidia, tazameni Terry na Ferney: tupeni oda. Ofisi zenu zina kuta na meza, kila chumba kinahitaji saa. Shule zinahitaji saa. Oda ya saa hamsini kwa mwaka inamwezesha fundi kununua keekee yake, kuchukua vijana wawili, kununua mashine kwa jumla. Na paleti zenu zilizovunjika, msichome. Sisi tunajua pa kuzipeleka.

Na kwa kijana anayesoma hapa na ana msumeno tu: anza. Kusanya vipande, vitenganishe vya laini na vigumu, viache vikauke kivulini wiki kadhaa kabla ya gundi, maana mbao mbichi itafungua maungio yako mvua ikija. Fuata nyuzi. Pima unene wa katikati mara mbili kabla ya kutoboa. Uso wake uandike kwa hesabu ya watu wako.